Jina Langu kwenye Karatasi ya Maji

Dukani, 6 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na macho yako mapya yakiisoma yenyewe bila kuazima ya mtu. Mimi sijambo, mgongo tu unaniuma kidogo, na hilo wewe mwenyewe unalijua. Majirani wote wanakusalimu. Kinyozi anasema tangu uondoke hajapata mtu wa kumbishia, kwa hiyo anabishana na kioo.

Mvua haijanyesha tangu siku uliyopanda ndege. Watu wanasema umeondoka nayo kwenye begi. Sasa bomba linatoka Jumanne na Ijumaa tu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nne, na kabla ya kutoa maji linakohoa kwanza. Ofisi ya maji imepita duka kwa duka kugawa viwango. Sisi wa duka la dobi tumepewa mapipa sita kwa wiki. Mjomba, sita! Mashuka ya wodi ya wazazi peke yake yanakula manne. Ukizidisha kiwango wanakufungia mita kwa waya na kuibandika karatasi nyekundu, na haifunguliwi mpaka mvua irudi. Yule jamaa wa juisi upande wa pili ameshabandikwa. Anakaa mlangoni kwake na mashine yake ameifunika taulo.

Sasa lile jambo letu. Uliniaga kwa miezi mitatu, upasuliwe macho, upumzike kwa mwanao, urudi. Huu ni mwezi wa saba tangu uondoke. Chuo cha ukunga kimenijibu, Mjomba. Nimepata nafasi! Kuripoti ni kuanzia tarehe mosi hadi kumi na mbili Agosti, mwenyewe, kwa miguu yako, na hawachukui mtu aliyetimiza miaka thelathini. Mimi natimiza Novemba. Kwa hiyo hakuna cha mwakani.

Miaka kumi na miwili nimefua mashuka ya ile wodi. Nikilikunjua shuka najua kama mama alipata shida au alijifungua salama, kabla hata hawajaniambia. Nimechoka kujua baada ya mambo kwisha. Nataka niwepo.

Uliponichukua baada ya mama kufariki ulinipa neno, kwamba siku nitakayopata langu utalipokea duka mwenyewe bila kununa. Basi siku imefika. Njoo. Na kabla hujafika nieleze mapipa sita yanafuaje duka zima, maana mimi akili imegota. Nijibu kwa barua. Simu ya posta foleni yake ni kutwa nzima, na zile dakika tatu zote zinaishia kwenye haloo, haloo.

Mpwa wako

Ghorofa ya tisa, 19 Aprili

Mpwa wangu kipenzi,

Marahaba, na Mungu akuongezee. Barua nimeisoma mwenyewe, mara mbili, pamoja na huo mwandiko wako wa kuku. Macho yamepona kabisa. Kinachoniumiza ni kwamba hakuna cha kutazama.

Naishi hewani, mwanangu. Lifti ikigoma, na inapenda kugoma, mimi ndiyo basi, ngazi za ghorofa tisa magoti haya hayaziwezi. Binamu yako anaondoka asubuhi, mkewe anaondoka asubuhi, mtoto shule. Nakaa dirishani nahesabu vipara vya watu wanaopita chini. Hati yangu ya kusafiria binamu yako ameitunza kabatini kwake, anasema wazee husahau walipoweka vitu. Mjukuu akipiga mswaki analiacha bomba wazi muda wote, nami nikienda kulifunga mkwe wangu ananiuliza, "Baba, kwani maji yamekukosea nini?"

Sasa kazi. Kinachokunywa maji si nguo, ni sabuni. Ukitia vifuniko vitatu, utasuuza mara tatu kuitoa, povu hilo halina faida zaidi ya kumfurahisha mteja. Tia kifuniko kimoja. Vumbi lipige brashi nguo ikiwa bado kavu, uani, kabla haijaona tone. Halafu, na hapa najua utakunja uso kwa sababu ni mimi niliyekufundisha kinyume chake, acha kufua nguo za kila mteja peke yake. Zipange kwa uchafu wake. Alama za uzi kwenye kola zipo, hakuna shati litakalopotea. Mteja akilalamika mwambie mjomba ameamuru.

Maji yenyewe yatembee kinyumenyume. Ya kusuuzia leo yawe ya kufulia kesho. Ya kufulia yalowekee ovaroli za gereji. Yakitoka kwenye ovaroli yapige deki, yakitoka kwenye deki yaende chooni. Tone lisivuke kizingiti chetu kabla halijafanya kazi nne. Mashuka ya wodi tu ndiyo uyachemshe kwa maji mapya kama kawaida, hapo usibane hata kidogo. Na lile bomba la uani linalodondoka, kata kipande cha ndala, kipime kwa sarafu, ukitie ndani. Nilikuwa nikisema nitalitengeneza kesho kwa miaka minne, nisamehe.

Kuhusu chuo, nilipofika kwenye mstari huo nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nakuja. Daktari ananiangalia mara ya mwisho mwezi wa tano, wa sita niko hapo. Neno langu ni lile lile.

Mjomba wako

Dukani, 10 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo tena, shikamoo na nyingine ya akiba. Hali yangu ni njema kuliko ilivyokuwa, na nakuombea wewe nawe upate wa kubishana naye huko juu.

Wiki iliyopita tumetumia mapipa matano! Matano, na kazi yote imetoka, na mashuka ya wodi yametakata mpaka muuguzi mkuu akanusa moja akatabasamu. Lile bomba la uani nilitega ndoo chini yake usiku mmoja kabla sijatia ndala, na asubuhi ndoo ilikuwa imejaa hadi shingoni. Nilikaa chini, nikafikiria ndoo za miaka minne. Nilikutukana kidogo, nawe nisamehe.

Mteja aliyelalamika ni mmoja tu, mwalimu mstaafu, eti shati lake haliwezi kulala beseni moja na shati la mwuza mkaa. Nikamwambia mjomba ameamuru. Akanywea.

Sasa sikiliza. Kinyozi aliponiona nabakiwa na pipa zima alikuja kuchungulia. Nikamwonyesha. Siku hizi hamwagii mtu maji kichwani kwa kopo, ana chupa ya kupulizia na taulo lenye unyevu, na wateja wanasema ndiyo ya kisasa. Mama mpishi anaosha mboga kwenye beseni badala ya chini ya bomba, sahani anazifuta kwanza kwa karatasi, sufuria zake zote sasa zina vifuniko. Bwana Mpira ndiye alikuwa kazi. Unamjua, pikipiki moja alikuwa anaiosha kwa maji ya kuogesha ng'ombe watatu, na ule mpira wake wa maji ndio raha yake duniani. Tulimnyang'anya. Sasa anakung'uta vumbi kwa brashi, anaosha kwa ndoo moja na kitambaa, na ndoo yenyewe ni maji ya mboga ya mama mpishi yaliyochujwa. Amenuna wiki nzima, lakini mita yake haijafungwa.

Juzi ofisi ya maji ilikuja. Bwana Mita mwenyewe, yule mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisoma mita zetu nne, akazisoma tena, akauliza nani amefundisha hivi. Wote wakaninyooshea kidole. Mjomba, alinipa mkono! Akasema mtaa wetu utakuwa mfano, kwamba maduka manne yatakuwa kundi moja lenye kiwango kimoja, tugawane wenyewe, na hatutafungwa hata wakipunguza viwango vya wengine. Nikaweka saini mbele ya watu, wakanipigia makofi. Karatasi imebandikwa ukutani juu ya pasi, na jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa. Sijawahi kupigiwa makofi maishani.

Umeshaangaliwa na daktari? Siku zinakwenda.

Mpwa wako

Ghorofa ya tisa, 24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera juu yake. Mimi mzima, nakula, nalala, nanenepa bila kazi. Barua yako nimemsomea mkwe wangu, na Jumapili nilimkuta ameosha vyombo kwenye beseni. Mimi nikajifanya naangalia nje.

Nimecheka kuhusu Bwana Mpira mpaka nikakohoa. Najivunia, sikufichi. Nilidhani nimemfundisha mtu kufua, kumbe nimemfundisha mtu kuongoza mtaa.

Lakini hiyo karatasi umeisoma mpaka mwisho? Mimi karatasi za ofisi nazisoma kuanzia chini, ndipo napanda juu kwenye sifa. Isome halafu uniambie.

Daktari amesogeza siku, sasa ni katikati ya Juni. Usihofu, bado tuna muda tele.

Mjomba wako

Dukani, 8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Afya ninayo, usingizi sina.

Niliishusha karatasi ukutani nikaisoma kuanzia chini kama ulivyosema. Kumbe kuna mistari mitatu midogo chini ya saini yangu. Inasema msimamizi wa kundi ni yule aliyeweka saini, awe mwenye jengo au ndugu yake anayeishi humo. Msimamizi akihama au akiacha kazi, kundi limevunjika na mita zote nne zinafungwa mpaka mvua irudi. Si kupunguziwa, Mjomba, kufungwa. Nilisimama pale nikiwa nimeikamata kwa mikono miwili, pasi ikaunguza shati la mwalimu mstaafu.

Niliikimbiza mpaka ofisini. Bwana Mita hakuwa mkali, bora angekuwa mkali nikapata wa kugombana naye. Alinipa kiti. Akasema wameandika hivyo kwa sababu mitaa mingine watu walichukua kiwango wakatoweka. Nikauliza kinyozi hawezi kushika? Amepanga. Mama mpishi? Amepanga. Bwana Mpira hana hata paa, anaoshea uwanjani. Jengo la mwenyewe katika sisi wanne ni lako peke yake. Akaniambia njia ni moja, mwenye jengo aje mwenyewe, asaini mbele yake, na siku hiyo hiyo mimi niko huru. Hata dakika kumi hazitafika.

Nilivyorudi sikuwaambia. Lakini wamejua, maana kinyozi alimwomba mteja amsomee. Tangu hapo wamekuwa wema kwangu mno. Mama mpishi ananiletea sahani mchana bila kuagizwa. Bwana Mpira amenifagilia uani. Kila mmoja ananiuliza habari za afya yangu, nami najua wanachouliza. Mama mpishi ana watoto watano, Mjomba. Nikitoka mlangoni na begi langu, moto wake unazimika siku hiyo.

Nimejifunga mwenyewe, na kamba nimesokota mwenyewe kwa kazi yangu nzuri. Kama ningefua hovyo tungefungiwa mwezi wa nne na leo ningekuwa napiga pasi sare za chuo.

Dakika kumi tu. Njoo.

Mpwa wako

Ghorofa ya tisa, 20 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Mimi sijambo kwa mwili. Mengine utayaona hapo chini, na naomba uyasome ukiwa umekaa.

Daktari amenimaliza, macho safi. Jioni ile ile nilimwambia binamu yako anipe hati yangu. Akasema, "Baba, habari za huko unazisikia. Ukame. Mzee wa miaka sabini na moja utaenda kunywa nini?" Nikamwambia nitakunywa nilichokunywa miaka sabini. Akasema nibaki mpaka mvua irudi, kisha atanikatia tiketi kwa furaha. Mkewe akalia, mtoto akaona mama analia akalia, nikajikuta nambembeleza mtoto badala ya kudai hati yangu. Ndivyo wanavyonishika, kwa mapenzi, na mapenzi huwezi kuyavunja kwa nyundo.

Nimefikiri. Labda ungezungumza na chuo, mwalimu mkuu ni binadamu, akielezwa habari ya ukame na watoto watano wa mama mpishi ataelewa. Na ikishindikana, mvua haiwezi kuchelewa milele. Vumilia kidogo. Nitajaribu tena mwezi ujao, nakuahidi.

Mjomba wako

Dukani, 3 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimesoma nikiwa nimekaa. Chuo nilishakwenda kabla hujaniambia niende. Walimu ni binadamu, ndiyo, na umri ni umri.

Uliniahidi mwezi wa sita, ukasogeza siku, sasa unaniahidi mwezi ujao. Unaniambia nivumilie wewe uliyenifundisha kwamba doa likiachwa likauke halitoki. Najua umefungiwa huko, na mimi nimefungiwa hapa, tofauti ni kwamba mlango wa huku unafunguliwa na wewe.

Naomba usiniandikie ahadi tena. Kila barua yako inanipa wiki mbili za matumaini, kisha naanguka upya. Siku ukiwa na tiketi mkononi, imeandikwa jina na tarehe, hapo uniandikie. Kabla ya hapo usiandike kitu.

Mpwa wako

Dukani, 2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, maana ni zaidi ya wiki sita tangu kalamu yako iguse karatasi. Kila Jumatatu nimekwenda posta. Yule mama wa dirishani siku hizi akiniona mlangoni anatikisa kichwa, nisisumbuke kufika. Nilikukataza kuandika, kweli. Lakini nilidhani utanikaidi kama kawaida yako.

Nina jambo la aibu la kukueleza. Ile karatasi inasema pia kwamba kundi likizidisha kiwango linavunjwa na msimamizi anaondolewa. Ijumaa ya juzi nikasema basi, yaishe. Bomba lilipomaliza kukohoa nikalifungua mpaka mwisho, nikalielekeza kwenye mtaro, nikasimama natazama mita inavyozunguka. Nilitaka izidi. Nilitaka jina langu litoke kwenye ule ukuta kwa njia yoyote.

Haikupita hata robo saa kinyozi akaja mbio na ndoo mbili, mteja wake nyuma yake amenyolewa upande mmoja. "Limegoma kufunga?" Hakunilaumu hata kwa jicho, alidhani limekatika. Akamwita mama mpishi. Akaja na masufuria yote, hata yale yaliyokuwa jikoni, maharage kayaacha kwenye sinia. Bwana Mpira akalala kifudifudi mtaroni, akaziba kwa shati lake, akawa anayachota kwa viganja na kuyarudisha kwenye ndoo. Na wote wananiambia, pole dada, pole, usilie, tutalitengeneza, si kosa lako.

Nikanyoosha mkono nikalifunga. Lilifunga kirahisi, kila mtu aliona. Kinyozi alirudi kummalizia mteja wake, na mama mpishi akanishika bega kisha akaenda zake. Jioni tulisoma mita, tulikuwa tumebakiza ndoo tatu tu kufika kiwango.

Jana ilikuwa siku ya kwanza ya kuripoti. Nilipanda basi la asubuhi, bila begi. Getini wamejaa wasichana na masanduku na mama zao. Karani akanitafuta kwenye daftari, akanipata, akasema karibu, nikamwambia nimekuja kuacha nafasi. Akanishauri nifikirie, muda upo mpaka tarehe kumi na mbili. Nikamwambia nimefikiria miezi minne. Kwa kweli niliogopa, Mjomba. Niliogopa kurudi nyumbani na siku kumi nyingine za kutazama mlango.

Kwenye benchi alikuwepo msichana wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri, amekuja na sanduku lake endapo mtu atakosekana. Niliandika palepale mezani kwamba naacha kwa hiari yangu. Jina langu wakalipiga mstari, lake wakaliandika juu yake. Alinirukia shingoni, ana miaka kumi na tisa, analia na kunishukuru, anasema ataniombea maisha yake yote. Nilimchukia, Mungu anisamehe, nikamchukia kabisa. Kisha nikamsaidia kubeba sanduku mpaka bwenini, lilikuwa zito.

Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Ni uongo, nakulaumu. Nakupenda pia, na yote mawili yanakaa humu ndani. Basi kaa huko kwa amani, na wanao wasipate shida kwa ajili yangu. Sina haraka tena. Duka lipo, mimi nipo. Wiki hii tumetumia mapipa manne na nusu.

Mpwa wako

Ghorofa ya tisa, 3 Agosti

Mpwa wangu, roho yangu,

Salamu nyingi, nyingi mpaka zikuchoshe. Mimi mzima, mzima wa kuruka, na natumaini na wewe umeshaanza kufunga mizigo, maana najua hukosi tumaini hata ukinuna.

Ulisema nisikuandikie mpaka niwe na tiketi mkononi. Sikukuandikia. Mara tano nilichukua kalamu nikairudisha, nilijua nikiandika nitaahidi, na ahadi zangu nilishaziona zilivyokufanya. Leo ninayo. Ipo hapa mezani, imeandikwa jina langu na tarehe, na nimelaza mkono wa kushoto juu yake ninapoandika kwa huu wa kulia.

Sasa nitakueleza nilivyoipata, na usimwambie kinyozi.

Alhamisi, wote walipoondoka, niliingia bafuni, nikaziba lile bafu lao la kulala, nikafungua mabomba yote mawili, moto na baridi. Kisha nikatoka nikakaa koridoni kwenye kiti, nimevaa koti na kofia, begi miguuni. Nilikaa hapo nikayaona yanatoka chini ya mlango, masafi, meupe, yakapita kwenye viatu vyangu yakaelekea kwenye ngazi. Mwanangu, nililia. Miaka hamsini sijamwaga kopo bila sababu, na wewe huko unayapigisha kazi nne kila tone, na mimi nimekaa naangalia mapipa na mapipa yanakwenda bure. Nilitaka kuinuka nikayafunge zaidi ya mara kumi. Nilijishika kwenye kiti kwa mikono miwili. Nilijiambia, huyu mtoto nimemwomba avumilie miezi minne, mimi nishindwe kuvumilia saa moja?

Yalifika ghorofa ya saba. Msimamizi wa jengo alipanda na suruali imelowa magotini, akamwambia binamu yako mzee huyu aondoke au muondoke wote. Binamu yako alinigeukia akaniuliza ilikuwaje nikasahau bomba, mimi wa kufunga mabomba. Nikamwambia sikusahau. Nikampa ile barua yako ya mashuka aisome. Aliisoma amesimama kwenye maji, akaenda kabatini, akaniletea hati yangu. Tiketi ameikata juzi. Tumeagana vizuri, na mkwe wangu ndiye anayenipakia.

Mama wa ghorofa ya nane nimemharibia zulia. Nilimshukia kuomba radhi na nimemfulia mwenyewe, kwa kifuniko kimoja cha sabuni. Sasa anataka nisiondoke.

Ndege inatua tarehe kumi na moja jioni. Barua hii itakufikia kumi hivi. Ukishaisoma usikae kunisubiri hata kidogo, tusije tukakosa kwa adabu za kuagana. Panda basi la asubuhi ya kumi na moja, uripoti ukiwa na siku moja ya akiba. Majirani waambie wajaze kila chombo walichonacho, watavuka siku moja. Tarehe kumi na mbili, Bwana Mita akifika kazini atanikuta nimeshakaa mlangoni kwake, na nitasaini mpaka kalamu zake zote mbili ziishe wino. Mgongo wangu bado una miaka kadhaa ya mabeseni.

Ukishakuwa huko uniandikie mtoto wa kwanza uliyempokea alikuwa wa kike au wa kiume, na mama yake alisema nini.

Usije kunipokea. Ukija nitakasirika, nasema kweli. Nataka nishuke na begi langu, nifungue duka mwenyewe, nizunguke mpaka uani, nikuite kwa sauti yangu yote, na asiitike mtu.

Mjomba wako